Baridi ya Juni hadi Agosti: Tukinge Viazi, Ndama na Watu wa Nyumbani

(Haya ni maelezo ya afisa wa ugani kwa wakulima wadogo wa eneo la Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, kabla ya msimu wa baridi kuanza. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakaazi ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Najua wengi wenu mmeamka kabla ya saa kumi na moja, mkakamua, mkapeleka maziwa barabarani, kisha mkaja hapa moja kwa moja. Kwa hiyo sitawachosha.

Nimekuja na jambo moja. Baridi peke yake si adui mkubwa wa mkulima. Kabeji huistahimili, ng'ombe mzima mwenye shibe huistahimili, na sisi wenyewe tumezaliwa ndani yake. Kinachotutia hasara ni unyevu unaokaa pamoja na baridi, na hewa mbaya tunayojifungia nayo tunapoikimbia baridi hiyo. Kiazi huoza kwa sababu jani lilikaa na maji. Ndama hufa kwa sababu alilala penye maji. Na mtu hufa kwa sababu alifunga dirisha akalala na jiko. Ukiyashika hayo mawili, ukavu na hewa safi, utajua la kufanya hata pale ambapo mimi sijapataja.

Kwa nini miezi hii

Kuanzia Juni hadi Agosti, jua la utosi huwa kaskazini ya ikweta. Wakati huo pepo za kusini mashariki hutuletea hewa yenye ubaridi na unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo inapopanda nyanda za juu hugeuka mawingu mazito, ukungu na manyunyu, na siku nzima inaweza kupita bila jua kuonekana. Nasi hapa tuko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Ndiyo maana usiku wa Julai joto hapa hushuka chini ya nyuzi 10, na ndiyo maana mtu wa Naivasha huvua koti wakati wewe unaongeza sweta.

Lakini tambueni kwamba tuna baridi za aina mbili. Ya kwanza ni hii ya mawingu, ambayo wazee wetu waliizoea katika majira ya gathano. Hiyo huleta magonjwa ya majani, matope na kikohozi. Ya pili ni baridi ya anga wazi, inayoleta sakitu, ile tunayoiita mbaa. Hiyo huja zaidi Desemba hadi Februari, lakini hata Julai na Agosti mawingu yakifunguka usiku mmoja inaweza kutupata. Kila moja ina kazi yake, na mkulima akizichanganya hupoteza nguvu na pesa. Nitaanza na ya mawingu.

Viazi shambani

Wengi wetu tulipanda waru mwezi wa Machi na Aprili. Ina maana Juni itazikuta zikiwa na majani mengi, nyingine zikitoa maua. Huo ndio wakati ugonjwa wa bakajani chelewa, yaani blaiti, unaopendelea. Haupendi jua kali. Hupenda ubaridi wa wastani na jani lililolowa. Majani yakilala na maji usiku kucha, na ukungu ukakaa hadi saa nne au saa tano asubuhi, ugonjwa umepata kila unachohitaji. Katika hali hiyo shamba zuri linaweza kuungua lote ndani ya wiki moja au mbili.

Dalili yake mnaijua: madoa meusi yenye majimaji, mara nyingi yakianzia ncha au ukingo wa jani. Geuza jani asubuhi na mapema, utaona utando mweupe chini yake. Ukishauona utando huo, umechelewa kukinga. Sasa unapigana kuokoa kilichobaki.

Kwa hiyo kazi ya kukinga hufanywa kabla. Kwanza, pitia shamba na kando zake ung'oe waru zilizojiotea kutoka msimu uliopita, na uondoe lile rundo la viazi vibovu tunaloacha karibu na banda. Hapo ndipo ugonjwa unapojificha. Pili, inulia udongo kwenye mashina uwe tuta refu. Mvua husomba vijidudu vya ugonjwa kutoka jani hadi ardhini, na kiazi kilichofunikwa vizuri hakifikiwi kwa urahisi. Tatu, palilia ili upepo upite. Shamba lililojaa magugu hukauka saa kadhaa baada ya shamba safi, na saa hizo ndizo ugonjwa unazozitafuta.

Nne, dawa. Anza na dawa ya kukinga kabla ya kuona doa, kisha fuata siku zilizoandikwa kwenye kibandiko, ambazo mara nyingi ni kila siku 7 hadi 10. Usitumie dawa ya aina moja mfululizo, maana ugonjwa huizoea. Muulize mwenye duka la pembejeo dawa zenye viambato tofauti, usidanganywe na majina tofauti tu. Hakikisha kibandiko kina nambari ya usajili ya bodi ya dawa za kilimo, PCPB. Nyunyiza majani yakiwa makavu, hata ikibidi kungoja hadi mchana. Dawa iliyopigwa juu ya umande huteremka ardhini, na pesa yako nayo huteremka. Vaa gambuti, glavu na kitu cha kufunika pua na mdomo. Na usivune kabla siku za kusubiri hazijaisha.

Wengi hapa tunapanda Shangi, na sababu naijua: hukomaa upesi, huiva upesi jikoni, na soko linaitaka. Lakini Shangi ni dhaifu mbele ya blaiti. Siwaambii muiache. Nawaambia mwenye Shangi asilale mwezi wa Juni. Na anayetaka kupunguza wasiwasi ajaribu sehemu ndogo ya aina zinazostahimili zaidi, kama Kenya Mpya na Sherekea, zilizotolewa mwaka wa 2010 na watafiti wetu wa Tigoni.

Kuvuna wakati wa matope

Julai na Agosti ni miezi ya kuvuna, na ndiyo miezi ambayo udongo hunata. Waru zikikaribia kukomaa, kata majani yake yote uyatoe shambani, kisha uache viazi ardhini kwa wiki mbili hivi. Ngozi yake itakaza, haitachubuka. Kiazi kilichochubuka na kupakwa matope huoza ndani ya gunia, na huambukiza jirani zake.

Chagua siku isiyo na mvua. Vitandaze viazi kivulini saa chache vikauke, usiviache juani vikageuka kijani, kwa sababu rangi hiyo ni ishara ya sumu na viazi hivyo havifai kuliwa. Ghala liwe na giza, lipitishe hewa, na viazi visiguse sakafu. Mbao chache chini yake zinatosha. Na kumbukeni Shangi haina subira, huchipua baada ya wiki chache tu, kwa hiyo panga soko kabla ya kushika jembe.

Mkulima anayevuna kwa hofu ya kuoza ndiye dalali humpata kirahisi. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Viazi vikavu, safi, vilivyo ghalani, vinakupa siku kadhaa za kusema, "Hapana, bei hiyo sitaki." Vyenye matope, vilivyorundikwa barabarani mvua ikinyesha, havikupi hata saa moja.

Ndama na mama yake

Sasa tuingie zizini. Ng'ombe mzima mwenye chakula tumboni ana moto wake mwenyewe, kwa sababu kusaga nyasi humpa joto. Ndama mchanga hana moto huo. Ana mafuta kidogo mwilini na maziwa unayompa, basi. Akilowa, chakula kilichopaswa kumkuza hutumika kumpasha joto. Anadumaa, kisha kichomi humpata.

Kazi ya kwanza ni dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano. Ndama azaliwe, apanguswe akauke, apewe dang'a ndani ya saa 6 za kwanza, na ikiwezekana ndani ya saa 2. Kwa siku apewe kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 40 apewe lita 4. Asizaliwe saa nane usiku akasubiri hadi saa mbili asubuhi kwa sababu watu waliogopa baridi. Kinga yote ya mwanzo imo ndani ya dang'a, na mlango wake hufungwa baada ya siku moja.

Kazi ya pili ni malazi. Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Ingia kwenye banda la ndama, piga magoti juu ya matandiko yake, uhesabu polepole hadi 25. Ukisimama na magoti yamelowa, ndama wako amelala majini. Ongeza nyasi kavu au maranda, au toa yote uweke mapya. Kisha inama hadi kichwa chako kiwe mahali pa kichwa chake, uvute pumzi. Macho yakikuwasha kwa harufu ya mkojo, basi mapafu yake yanawashwa usiku kucha.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Mtu huona baridi, anaziba banda lote kwa mifuko ya nailoni hadi juu. Ameuzuia upepo, kweli, lakini amefungia ndani mvuke na harufu. Ziba upande unaotoka upepo, kuanzia chini hadi juu ya mgongo wa ndama. Juu, chini ya paa, acha wazi. Upepo usimpige, hewa ibadilike.

Ndama akikohoa, akitoa makamasi, akipumua haraka, masikio yakilegea, akiacha maziwa, mpime. Joto la kawaida la ndama ni takriban nyuzi 38.5 hadi 39.5. Likipanda zaidi ya hapo, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usimdunge sindano ya mabaki iliyokaa dirishani.

Kwa nini nawasumbua kwa mnyama ambaye hata hajaanza kutoa maziwa? Kwa sababu mtamba aliyekua vizuri huzaa akiwa na umri wa miezi 24 hadi 27. Aliyedumaa huweza kufika miezi 36 au zaidi. Huo ni karibu mwaka mzima wa kulisha bila hata kikombe kimoja cha maziwa.

Kwa ng'ombe wanaokamwa, angalieni matope. Ng'ombe akilala kwenye matope, kiwele hugusa uchafu, na ugonjwa wa kiwele huanzia hapo. Safisha chuchu, uzikaushe kwa kitambaa cha kila ng'ombe peke yake, kamua, kisha zichovye kwenye dawa. Mpe chakula akiwa bado amesimama, ili tundu la chuchu lipate kufunga kabla hajalala. Na tusidanganywe na kijani cha miezi hii. Nyasi za Juni zina maji mengi, kwa hiyo mpe kwanza nyasi kavu kidogo, hasa kabla ya kumpeleka kwenye majani mabichi ya jamii ya kunde, ili tumbo lisivimbe.

Hei ni vigumu kukauka bila jua. Badala yake tengenezeni saileji ya nepia, mahindi au oti. Katakata vipande vidogo, nepia iache inyauke kwanza, changanya na molasi, shindilia hadi hewa itoke, kisha funga ukiweka uzito juu. Ukiianza Juni, utamshukuru Mungu Januari na Februari nyasi zikikauka.

Baridi ya anga wazi

Sasa ile baridi ya pili. Jioni ukiona mawingu yametoweka, upepo umetulia, nyota zinang'aa sana, jihadhari. Mawingu ni kama blanketi la ardhi. Yakiondoka, joto la mchana hupanda juu likapotea, na kabla ya mapambazuko umande hugeuka barafu. Mwezi wa Januari 2012 sakitu iliunguza mashamba ya majani chai Kericho na Nandi, na huko ni chini kuliko hapa kwetu.

Hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji na kujikusanya bondeni. Kwa hiyo usipande waru wala maharagwe mahali pa chini kabisa pa shamba kwa miezi ya hatari. Hapo weka kabeji, karoti au vitunguu, ambavyo huvumilia zaidi. Kitalu kifunike kwa nyasi kavu au magunia kabla ya jua kutua, na ukifunue asubuhi jua likishapata nguvu. Na ukiwa na maji, mwagilia udongo mchana wa siku hiyo.

Najua mtaniuliza: "Afisa, umetuambia unyevu ni adui, sasa unatuambia tumwagilie?" Swali zuri. Udongo wenye maji huhifadhi joto la mchana kuliko udongo mkavu, na huliachilia polepole usiku. Tunalolowesha ni udongo, si jani. Na sakitu haiji usiku wa ukungu.

Ikishapiga, usikimbilie kung'oa. Subiri siku kadhaa. Waru huweza kuchipua tena kutoka chini ikiwa shina halikufa lote.

Jiko ndani ya nyumba

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo zito zaidi. Kila msimu wa baridi tunasikia habari ya watu waliolala na jiko la makaa wasiamke. Makaa yanayowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Huingia kwenye damu ikachukua nafasi ya oksijeni, na huleta usingizi, kwa hiyo anayeivuta hajui kwamba anakufa.

Wengi huamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi kuisha, jiko ni salama kuingizwa ndani. Si kweli. Moshi umekwisha, sumu ingalipo. Kulifunika kwa majivu hakuiondoi. Kuweka sufuria ya maji juu yake hakuiondoi.

Kwa hiyo, jiko likiwa ndani, mlango au dirisha liwe wazi, na litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala. Si lisukumwe kwenye kona, bali litolewe nje. Kitandani tumia blanketi, nguo kavu, soksi, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa. Watu wawili au zaidi nyumbani wakiumwa kichwa, wakasikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, msidhani ni homa. Tokeni nje wote, fungueni milango, kisha mwende hospitali mara moja.

Na wafugaji wa kuku, hili ni lenu. Vifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na wengi hutumia jiko. Kisha tunamwambia kijana wa kazi alale humo humo awaangalie. Chumba kimezibwa, makaa yanawaka usiku kucha, naye yuko ndani. Jamani, huyo ni mtoto wa mtu. Alale chumba kingine, aamke kwa saa alizopangiwa kuwaangalia, na banda liwe na matundu ya hewa juu. Hata vifaranga wenyewe hufa kwa hewa hiyo.

Watoto wadogo na wazee ndio hushikwa na nimonia upesi. Mtoto akipumua haraka, au mbavu zikizama anapovuta pumzi, usingoje kupambazuke. Mpeleke. Hakikisheni watoto wamemaliza chanjo zao. Chanjo dhidi ya nyumokoka, kijidudu kinachosababisha nimonia kwa wingi, imo katika ratiba yetu ya kitaifa tangu mwaka wa 2011, na hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali.

La kufanya tangu leo

Wiki hii, ng'oeni waru zilizojiotea, na mpige magoti kwenye banda la ndama. Kabla ya katikati ya Juni, muwe mmeinulia matuta, mmeanza dawa ya kukinga, na mmeandaa pahali pa saileji. Julai, kateni majani ya waru wiki mbili kabla ya kuvuna. Agosti, angalieni anga kila jioni. Na kila usiku wa miezi hii mitatu, anayefunga mlango aulize kwanza: "Jiko liko wapi?"

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu huu na ina afisi katika kaunti yetu. Sikilizeni utabiri wake redioni, na mkiwa na shaka fikeni afisi ya kilimo ya wadi. Hakuna swali dogo, na ushauri wetu haulipiwi.

Yangu ni hayo. Sasa nitapokea maswali, nikianza na akina mama walioketi nyuma, kisha tutatoka pamoja tukaangalie banda la ndama la mwenyeji wetu. Anayetaka kupiga magoti na aje na suruali ya kazi.